Palamon na Arcite: nani kamsaliti nani?

Mnara: Wakuu, leo tumalize huu ubishi. Kile kisa cha Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa zamani, kile anachosimulia askari mpanda farasi kwenye Canterbury Tales, hadithi zake za mahujaji. Mabinamu wawili, tena wameapiana udugu, wamefungwa mnarani Athens. Palamon anachungulia dirishani, anamwona Emelye akichuma maua, anapiga ukelele kama kachomwa. Arcite naye anachungulia, kapenda. Msaliti nani?

Kobe Mbishi: Arcite. Aliyeona kwanza ndiye mwenye haki. Hata daladala, ukishatupia mkoba dirishani kiti ni chako.

Mama Chuo: Kwa hiyo Emelye ni kiti?

Kobe Mbishi: Dada, huo mfano tu.

Mama Chuo: Dada yako nani?

Tumbiri: Halafu nani kakwambia mkoba ni haki? Juzi nimekuta kikapu cha mtu kitini. Nikakipakata, nikakaa. Mwenyewe alipopanda nikamkabidhi.

Kobe Mbishi: Mwizi wa siti wewe. Watu kama nyie ndio mnatuchanisha mashati mlangoni.

Mnara: Jamani, mada.

Hamadi wa Pili: Mada hii hapa. Palamon alidhani kamwona Venus, mungu wa mapenzi, akapiga magoti. Arcite ndiye aliyempenda binadamu. Sasa nani kawahi kutupia mkoba?

Kobe Mbishi: Na kiapo je?

Hamadi wa Pili: Arcite kashajibu: nani amtungie sheria mtu anayependa?

Tumbiri: Tena kwa Boccaccio, yule mwandishi Mwitaliano alikochota Chaucer, kama sikosei Arcita ndiye aliyeona kwanza. Mzee kageuza. Kobe, siti imehama.

Kobe Mbishi: Ya Mwitaliano sijasoma na sisomi.

Mama Chuo: Mnagombea siti, aliyetajwa hajaulizwa. Theseus, mtawala wa Athens, anawakuta kichakani, wameshatoka mnarani, wanachinjana, damu hadi vifundoni, anacheka: binti mwenyewe anajua habari zenu kama sungura anavyozijua! Arcite kamwomba Mars, mungu wa vita, ushindi, kashinda pambano la kumgombea Emelye, kila mmoja na watu wake mia. Palamon kamwomba Venus mke. Saturn, mungu mwingine, akaleta zimwi kutoka ardhini, farasi akaruka, Arcite chini kwa utosi, akafa. Palamon kaoa. Emelye kamwomba Diana, mungu wa mabikira, asiolewe kabisa. Ombi lipi limetupwa?

Kobe Mbishi: Kuanguka na farasi ni uzembe wa mpandaji.

Hamadi wa Pili: Wewe umewahi kupanda nini?

Kobe Mbishi: Punda. Na sikuanguka.

Tumbiri: Alikuwa kafungwa.