Mjadala: Tizi la saa mbili kwa siku litawafikisha watu Mirihi, au chombo kizunguke?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu kila mwanaanga anatengewa saa mbili hadi mbili na nusu kila siku za kupiga tizi: baiskeli, mashine ya kukimbilia ambayo anafungwa mikanda isije ikamrusha, na mashine ya vyuma. Si kwa ajili ya kutunisha kifua. Huko juu mtu anaelea, na mwili usiobeba mzigo unafunga shughuli zake kama duka lisilo na wateja. Mifupa ya nyonga, bila kinga yoyote, inapoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi. Mzee wa huku chini anapoteza kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Warusi waliyaonja haya mapema. Juni 1970 Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walikaa karibu siku 18 ndani ya Soyuz 9, kichombo kidogo kisicho na pa kunyooshea miguu. Waliporudi hawakuweza kusimama wenyewe, ikabidi wabebwe. Tangu hapo mazoezi yakawa sheria, na matunda yakaonekana. Daktari Valeri Polyakov alikaa Mir, kituo cha anga cha Warusi, siku 437, Januari 1994 hadi Machi 1995, na aliposhuka alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye kiti alichowekewa.

Hoja yangu ni kwamba tizi limefika mwisho wa uwezo wake. Misuli limeiokoa, mifupa limeiokoa kwa kiasi kikubwa, ila macho halikuyagusa. Huko juu maji ya mwili yanapanda kutoka miguuni, kama lita mbili, yanajaa kifuani na kichwani. Uso unavimba, miguu inabaki myembamba kama ya korongo. Mwaka 2011 madaktari walitoa taarifa ya wanaanga saba waliorudi na mabadiliko machoni, wengine wakiwa na uvimbe kwenye neva ya nyuma ya jicho. Mwaka 2019 ikaripotiwa damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo wa mtu akiwa huko huko juu. Hayo huyashushi kwa kunyanyua vyuma.

Kwa hiyo kwa safari ndefu ya kwenda sayari ya Mirihi tuache kutibu kiungo kimoja kimoja, turudishe uzito wenyewe. Ndoo ya maji ukiizungusha juu ya kichwa haimwagiki. Mtu aliyemo ndani ya ndoo angeapa kwamba kitako chake ndiyo sakafu. Tuzungushe chombo. Nipingeni.

Fundi Kizota:
Nakupinga mkuu, kwa hesabu tu. Ukitaka uzito kamili wa duniani kwa mizunguko 2 kwa dakika, kutoka katikati hadi sakafuni panatakiwa mita 224. Upana wote ni karibu mita 450, yaani viwanja vinne vya mpira vikifuatana. Kituo cha sasa kina mita 109 tu, na kukiunganisha kulianza 1998 hadi 2011.

Utasema tuongeze kasi. Mizunguko 4 inashusha hesabu hadi mita 56, sawa, lakini hapo mtu akigeuza shingo ghafla dunia yote inamzunguka na chakula kinarudi kilikotoka. Kikombe ukikiachia hakidondoki wima, kinakwenda pembeni. Halafu paneli za jua zinazunguka nazo? Antena? Beringi ya kuzungushia ikigoma mwezi wa tano wa safari utamwita nani?

Ile mashine ya vyuma haina hata vyuma. Ni silinda zilizotolewa hewa ndani, ukivuta nazo zinavuta, mpaka kilo 270 hivi. Ikileta shida unafungua nati unatazama. Mimi siku zote nachagua kitu kinachofunguka kwa spana.

Mama Naima:
Wanangu, mimi ni nesi mstaafu, miaka mingi wadi ya mifupa. Niwaambie nilichokiona mimi mwenyewe bila roketi.

Kijana wa bodaboda kavunjika paja, kalala wiki sita na mzigo umening'inizwa mguuni. Kaja na mapaja kama gogo la mnazi. Siku ya kumshusha kitandani anakushika bega kama mtoto anayejifunza dede, jasho linamtoka, macho yanaingia kiza. Mfupa umeunga vizuri kabisa kwenye picha. Mwili ndio umesahau kusimama. Na yule alikuwa duniani, uzito wote anao, ila alikuwa kalala tu.

Ndiyo maana wanaochunguza mambo ya angani wanawalaza watu. Cologne, Ujerumani, mwaka 2019 walilaza watu 24 kwa siku 60, kichwa kikiwa chini ya miguu kwa nyuzi 6. Wanakula wamelala, wanaoga wamelala, na haja wamelala. Baadhi yao walikuwa wakizungushwa kwenye mashine nusu saa kila siku. Mleta mada hili umelirukia, mwanangu: nusu saa ile haikuzuia uvimbe wa nyuma ya jicho. Sasa huo mzunguko wako unatibu nini?

Na wewe fundi usicheke. Mwaka 2022 ilitoka taarifa ya wanaanga 17 waliopimwa kabla na baada. Mwaka mzima tangu warudi, 9 kati yao mfupa wa muundi ulikuwa haujarudi ulivyokuwa. Na wote hao tizi walipiga.

Mgao Sugu:
Umeme wenyewe huku kwetu unakuja kama mgeni wa harusi, nyie mnagombania nyonga za watu wa Mirihi. Haya endeleeni.

Mwana Ngomeni:
Mgao Sugu, njoo Malindi nikuonyeshe baharini kwetu Ngomeni majukwaa ambayo Waitaliano walikuwa wakirushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Watu hawakupanda, nakubali, lakini usituambie anga ni ya wenyewe. Na umemsikia Mama Naima? Anayelala wadini wiki sita ni ndugu yako.

Samahani, nimewatoa kwenye mada.

Mleta mada:
Mama Naima, shikamoo. Umenibana pazuri.

Lakini tazama hesabu ya siku yao. Nusu saa wanazungushwa, saa 23 na nusu wamelala kichwa chini. Ni kama kumpa mtu kijiko cha uji asubuhi halafu ukaandika kwamba uji haushibishi. Matokeo ya Cologne yananiambia kipande kidogo hakitoshi. Mzunguko wa kutwa nzima haukupimwa pale.

Waliopimwa kutwa nzima ni panya. Mwaka 2016 Wajapani walipeleka 12 kituoni kwa siku 35. Sita walielea, sita wakawekwa kwenye mashine inayozunguka mpaka uzito wao ukawa kama wa duniani. Wote 12 walirudi hai. Walioelea walipungukiwa mifupa na misuli, waliozungushwa hawakupungukiwa.

Na hapa ndipo roho inaniuma. Wajapani hao hao walishaanza kujenga chumba kizima cha mashine ya kuzungusha viumbe, kiunganishwe na kituo. Mwaka 2005 mpango ukafutwa. Gamba lake liko Tsukuba, linatazamwa na wageni. Uzito wa Mirihi ni asilimia 38 ya wa kwetu, na mpaka leo hakuna binadamu aliyeishi hata wiki moja katika uzito huo. Tunapanga safari ya miezi sita hadi tisa kwenda, nyingine kama hiyo kurudi, na hatujui kama ukifika pale mfupa unapona au unaendelea kuliwa.

Fundi Kizota:
Panya hatapiki. Au tuseme hakuna aliyemuuliza.

Mama Naima:
Marahaba mwanangu. Kuhusu nusu saa nimekuelewa, ingawa mganga akishindwa na dozi ndogo hukimbilia kusema dozi ilikuwa ndogo.

Mnasahau kidonge lakini. Dawa ile ile ya mifupa wanayopewa akina mama waliokoma hedhi, kimoja kwa wiki, wanaanga walipewa pamoja na mazoezi na nyonga zao zilishika vizuri kuliko za tizi peke yake. Kidonge hakina beringi, fundi.

Kinachonisumbua mimi ni mlangoni. Machi 2025 wanaanga wa Marekani Sunita Williams na Butch Wilmore, waliopanda kwa safari ya siku kama nane wakaishia kukaa 286, walishukia baharini karibu na Florida. Walisaidiwa kutoka, wakalazwa kwenye machela. Ndiyo taratibu, si kwamba walikuwa mahututi. Yule Nikolayev alibebwa. Polyakov kaandaliwa kiti. Mirihi mlango ukifunguka machela anaishika nani? Tuseme wamekwenda watu wanne, wote wana kizunguzungu, na wao ndio wenye kuvaa masuti mazito na kufunga mabomba ya hewa.

Mwalimu Zamu:
Niongeze kitu kimoja kwenye hesabu za fundi, maana amechagua zile zinazompendeza. Nani kasema lazima uzito uwe kamili? Chukua huo wa Mirihi, asilimia 38, kwa mizunguko 4 kwa dakika. Inatoka mita 21 tu. Na si lazima liwe gurudumu. Septemba 1966 Wamarekani Charles Conrad na Richard Gordon kwenye chombo cha Gemini 11 walifunga chombo chao na kingine kwa kamba ya mita 30, wakavizungusha polepole. Uzito uliopatikana ulikuwa mdogo mno, hata hawakuuhisi, lakini vitu vilivyoachiwa vilisogea upande mmoja. Hapakuwa na beringi hata moja.

Fundi Kizota:
Mwalimu, kamba naielewa. Hapo umenigusa, kwa sababu kamba naweza kuikagua.

Ila sikubali iende Mirihi moja kwa moja. Ifungwe hapa karibu na dunia kwanza: vyombo viwili, kamba ya mita 42, watu wawe upande mmoja na mzigo upande wa pili, wakae miezi mitatu. Ikileta matata wakate wazunguke wanavyozunguka, warudi nyumbani siku hiyo hiyo. Macho yao yapimwe kila wiki. Yakivimba, mleta mada utaleta mada nyingine. Yasipovimba, nitanyamaza.

Na ile mashine ya vyuma ibaki ndani. Hiyo siitoi.

Mleta mada:
Nakubali yote, pamoja na vyuma. Ila miezi mitatu ni michache kwa mfupa, mama atanisaidia hapa. Iwe sita.

Mama Naima:
Iwe sita. Na wakishuka, siku ya kwanza wasiinuliwe. Waachwe wainuke wenyewe, watu wakae pembeni watazame.