Majilio nyumbani: watoto wangu wanajua tarehe 25 tu, nitawafundisha vipi kungoja?

Mama wa Watatu (Lubumbashi, Katuba)

Wandugu, habari za leo. Nina watoto watatu: mkubwa ana miaka 10, wa katikati 7, kitinda mimba 4. Kwetu Noeli imekuwa nguo mpya, kuku, na mti wa plastiki nilioununua soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, miaka minne iliyopita. Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu, umeme ulikatika mchana, usiku ukarudi kwa nguvu. Taa zote za ule mti ziliungua pamoja na chaja ya simu. Nilipochomoa waya nikakuta umeyeyuka na kugandamana na tawi. Namshukuru Mungu tulikuwa macho. Mti niliutupa.

Lakini si mti unaoniumiza. Usiku wa tarehe 25, tumeshakula, huyu wa miaka 7 alikuja akakaa karibu nami akauliza, "Mama, imekwisha?" Nikamjibu ndiyo, imekwisha. Akasema, "Sasa tulikuwa tunangoja nini?" Mwezi mzima alikuwa akiulizia viatu. Viatu alivipata, tena vilimkaa vizuri, na bado akauliza. Mwaka mzima sasa swali lile liko nami.

Mama yangu hakuwa na mti. Kila Desemba alifagia parsele yote (kiwanja chetu), akachimba pemba, ule udongo mweupe, akaikoroga kwenye beseni, na sisi watoto tukapaka kuta za nje mpaka nyumba ikang'aa. Tukiona mama anabeba jembe kwenda kuchimba pemba, tulijua siku zimekaribia. Wangu hawana alama yoyote ya namna hiyo.

Mwaka huu wa 2025 Majilio, yaani Jumapili 4 za kungoja Noeli, yanaanza Jumapili tarehe 30 Novemba, kwa hiyo nina wiki mbili. Nyumbani kwenu mnafanya nini na watoto zile Jumapili 4? Nipambe na nini bila kununua plastiki nyingine? Tuna sebule moja ndogo na vyumba viwili, na umeme ni wa bahati. Papa wao, mume wangu, anasali kanisa la uamsho. Hapingi, ila anauliza mambo haya yametoka wapi, nami nataka kumjibu sawasawa. Nkambo wao, mama mkwe wangu, anaishi nasi. Masikio yamechoka ila macho na mikono bado. Ningependa naye awe na kazi yake.

---

Mlezi wa Kizito-Anuarite (Bukavu)

Mama, salamu kutoka Bukavu. Nianze na swali la baba watoto, maana anauliza vizuri.

Taji la Majilio, lile duara la majani lenye mishumaa, mwambie halikutoka Roma. Lilianzia kwa mchungaji Mprotestanti, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Watoto walikuwa wakimsumbua kila siku wakitaka kujua kama Noeli imefika. Basi mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za juma na 4 mikubwa ya Jumapili. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, watoto wakaona wenyewe zimebaki ngapi. Sisi Wakatoliki tulilipokea baadaye, tukabaki na ile 4 ya Jumapili: mitatu ya zambarau, mmoja wa rangi ya waridi kwa Jumapili ya tatu, ambayo ni Jumapili ya kufurahi.

Kwa hiyo mwanao wa miaka 7 na watoto wa Wichern wameuliza jambo moja. Mimi nimelea watoto wa Kizito-Anuarite, chama cha watoto wa parokia, miaka 11, na naamini kabisa kwamba mtoto hawezi kungoja kitu asichokiona kikisogea. Ukimwambia "bado siku 20", ni maneno tu. Mwonyeshe mishumaa miwili imewaka, miwili bado, ataelewa bila hotuba.

Usihangaike kutafuta buji (mishumaa) za zambarau. Chukua nyeupe za kawaida, nenda kwa fundi cherehani umwombe vipande vya kikwembe (kitenge) vya rangi hizo, funga kila buji chini kabisa, mbali na moto. Kwetu tunazungushia matawi ya sipres, na maua mekundu ya Noeli yanayoota kwenye nyua. Watoto wanapenda kujua kwamba ule wekundu ni majani, na maua yenyewe ni vile vidogo vya njano katikati. Ila huyo wa miaka 4 asiyavunje mwenyewe, utomvu wake mweupe unawasha macho.

La mwisho, ambalo sitaki ulikose. Tarehe 1 Desemba ni siku ya Mwenye Heri Anuarite, mtawa wetu wa Kongo aliyeuawa mjini Isiro mwaka 1964 akiwa amemsamehe aliyemuua. Mwaka huu inaangukia kesho yake tu ya Jumapili ya kwanza. Jioni hiyo, mbele ya mshumaa, kila mtoto nyumbani kwangu anataja mtu mmoja anayemsamehe. Nami nataja. Mwaka jana kijana wangu alinitaja mimi, kwa sababu nilimchapa kwa kosa la mwenzake, na nilikuwa sijui kwamba analikumbuka.

---

Fundi wa Mota (Lubumbashi, Ruashi)

Mama wa Katuba, mimi kazi yangu ni kukunja upya waya wa mota zilizoungua. Tuko kwenye mji wa shaba, usifanye taji la plastiki.

Nenda kwa fundi yeyote wa mota, mwombe waya mzito uliotolewa kwenye mota kubwa, mita tatu hivi. Usinunue kwa wanaopita mtaani na mafungu ya waya, mara nyingi ni ule uliokatwa kwenye nguzo, na umeme ukikosekana kwako ndiyo sababu mojawapo. Waya wa mota una vanishi, hivyo mwambie fundi akuchomee kwanza.

Zungusha duara mara mbili ukubwa wa sahani ya bukari (ugali). Halafu vishikio: chukua waya uzungushe kwenye buji yenyewe, mizunguko 6 iliyobanana, kisha achilia. Utaona waya unafunguka kidogo tu wenyewe. Hapo ndipo buji inaingia kwa kusukumwa, na haitikisiki. Tengeneza vinne, vifunge kwenye duara, weka vyote juu ya sinia ya bati yenye mchanga. Matawi ya sipres yakikauka yanashika moto kama mafuta, kwa hiyo yabadilishe kila Jumamosi, na buji iwake wakati wa sala tu, mtu mzima akiwa amekaa hapohapo.

Shaba itapoteza rangi baada ya siku chache, itakuwa kahawia. Hiyo ndiyo kazi ya nkambo na watoto Jumamosi jioni: ndimu na chumvi, wasugue, wasuuze, wakaushe. Inarudi nyekundu kama imetoka kiwandani.

Na zile taa za umeme, pole sana. Umeme ukikatika chomoa kila kitu, usingoje urudi.

---

Mzee wa Likasi

Binti yangu, nimesoma habari ya pemba nikamkumbuka mama yangu mzazi.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 9. Serikali ya Mobutu iliondoa Noeli kwenye sikukuu za mapumziko. Majina ya ubatizo tulikuwa tumeshaambiwa tuyaache miaka miwili kabla. Tarehe 25 ikawa Jumatano ya kazi. Papa alivaa nguo za kazi asubuhi akaondoka kama siku zote. Sisi tukakaa tunamtazama mama, tukidhani mwaka huo hakuna Noeli.

Mama alikuwa amefinyanga pango zima la Noeli kwa udongo wa kichuguu: Maria, Yosefu, ng'ombe, kondoo. Hori lilikuwa tupu, na Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku lake la nguo. Usiku wa 24 tulisubiri amtoe, hakumtoa. Alisema tunamngoja papa. Papa alirudi tarehe 25 jioni, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Mama akampa sabuni, akamngoja anawe, kisha akamkabidhi lile fungu. Papa ndiye aliyemweka Mtoto horini, na sisi tukaimba. Nina miaka 60 sasa, na nimekula Noeli nyingi zenye nyama kuliko ile, lakini watoto wangu wakiniuliza habari za Noeli, hiyo ndiyo ninayowasimulia.

Kwa hiyo fanya pango. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilifanya Greccio mwaka 1223 kwa hori, nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho. Wewe una vichuguu vya Katanga. Chukua udongo wa ndani, siyo wa juu uliooshwa na mvua, uponde, uchuje mawe, uchanganye na mchanga laini kidogo. Kondoo mfanyie miguu minene, watoto hupenda kufanya miguu myembamba kisha wanalia ikivunjika. Kausha kivulini siku tano au sita, maana mvua za sasa zinachelewesha. Hori liache tupu. Kila mtoto akifanya jambo jema bila kutumwa, anaweka unyasi mmoja ndani. Wewe usihesabu wala usiulize ni jambo gani.

Wale mamajusi waanzie mbali, dirishani jikoni kwa mfano, watoto wawasogeze kidogo kila siku. Wanafika Epifania, sikukuu yao ya Januari. Kwa njia hiyo tarehe 25 usiku hakuna atakayekuuliza kama imekwisha.

---

Ndugu wa Kolwezi

Shalom mama. Mimi pia ni wa kanisa la uamsho, kama papa wao. Mishumaa sisi hatuna, na sitakuambia kwamba naiona ni lazima. Lakini Injili ya Luka ina sura 24. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 24 ninasoma na watoto sura moja kila jioni. Mpe baba kazi hiyo, ataipenda.

Jihadhari na sura ya 1, ina mistari 80, wadogo watalala. Anza nayo Jumapili hiyo ya tarehe 30 umalizie kesho yake. Tarehe 2 mtakuta Yesu ameshazaliwa, na mtoto atasema "sasa tunangoja nini tena?" Mimi hujibu kwamba tunangoja kumjua. Usiku wa 24, tukimaliza ufufuko, tunarudi sura ya 2 tunaisoma tena tumesimama. Binti yangu mkubwa sasa ndiye anayesoma ile ya pili.

---

Mama wa Watatu (Lubumbashi, Katuba)

Aksanti sana, wote. Leo ni Jumapili tarehe 30, watoto wamelala ndipo naandika.

Waya nilipata kwa fundi jirani, akanichomea vanishi bila kudai kitu. Vile vishikio nilivifanya vibaya mara mbili, mara ya tatu vikakubali. Jana jioni nilimpa mkubwa ndimu na chumvi. Nkambo akamtazama kwa muda, akanyoosha mkono, akamnyang'anya. Alikwenda kwenye mbabula (jiko la makala), akachota majivu laini ya makala kwa ganda la ile ndimu, akaanza kusugua taratibu akizungusha duara mapajani. Ndivyo walivyokuwa wanasugua masufuria kwao. Kitinda mimba alikaa chini akishika upande wa pili ili lisiyumbe. Hawakusema neno saa nzima, na mwisho nkambo akaniita nije nione uso wangu kwenye shaba. Nisamehe, fundi, ndimu na chumvi hatutatumia tena nyumba hii.

Papa wao alisoma habari ya yule mchungaji wa Hamburg mara mbili. Leo jioni umeme haukuwepo, mvua ilikuwa inapiga bati, na yeye ndiye aliyeomba kiberiti. Amesoma Luka 1 mpaka Maria anapomtembelea Elisabeti. Yule wa miaka 7 amenyoosha kidole akahesabu, moja imewaka, tatu bado, kisha akamwambia mdogo wake asipulize, bado papa anasoma.

Horini kuna nyasi mbili. Moja sijui ya nani, na kama alivyosema mzee, sijauliza.

Mzee wa Likasi, nina swali moja. Kondoo wetu mkubwa amepasuka mgongoni, ufa unaingia kidole cha mtoto. Nimzibe au nifinyange mwingine? Mwenye kondoo hataki mwingine.

---

Mzee wa Likasi

Msimfinyange mwingine. Lowanisha ufa kwa maji kwa kidole, kisha koroga udongo uwe mzito kama uji wa mtoto, ujaze, ulainishe. Mfunike na kitambaa chenye unyevu usiku mmoja ili akauke polepole, na msimweke karibu na mbabula. Nisalimie nkambo, mwambie majivu ni sahihi.