Miembe michanga: tukate kilele, tuache shina moja, au tusiiguse?

Mkulima wa Mwakirunge
Assalamu aleikum. Nina miche 20 ya miembe ya kubebeshwa, Apple na Ngowe. Ina mwaka na nusu, imenifika kifuani, shina tupu bila tawi. Jirani asema nikate vilele nilee matawi matatu, mti ukae kama bakuli. Mwengine asema niache shina moja lipande. Mamangu hataki hata kuona panga karibu nayo. Nishike lipi?

Bi Kisauni
Kata, mwanangu. Wangu niliuacha ukajiendea, sasa embe zote ziko juu kingoe hakifiki. Nusu zaanguka na kupasuka.

Baharia mstaafu
Mimi ni wa shina moja. Niliwahi kulea bakuli, mti ukabeba vizuri, kusi ikavuma usiku mmoja wa Julai, asubuhi nakuta tawi zima liko chini. Nilipotazama pale panda ilipochanika, ganda lilikuwa limeingia ndani, jeusi. Mbao hazikuwahi kushikana. Iliniuma sana.

Fundi wa miche
Pole mzee. Lakini kosa halikuwa la bakuli, ni pale ulipokata. Tazameni shina: kila mwembe ulipopumzika kukua, majani yamesongamana yakafanya kama pete. Ukikata juu ya pete, hutoka machipukizi matano, sita, mahali pamoja, nayo yakinenepa yanabanana na kusukumana. Kata chini ya pete, yatatoka yameachana.

Kaka, kata kwenye sentimita 70 hivi toka ardhini. Chagua matatu yanayoelekea pande mbalimbali, yaliyopishana kiganja kimoja kwenye shina. Mengine yakwanyue yangali laini. Matatu hayo yakifika nusu mita, kata vilele tena, chini ya pete vilevile. Kinachochipua chini ya kiungo, pale mche ulipobebeshwa, ng'oa bila huruma, hicho ni cha shina mama, hakitakupa Apple. Na maua ya mwaka huu yatoe, mti ujenge mwili kwanza.

Usikate katikati ya masika, kidonda kibichi na mvua ni ugonjwa. Ngoja siku kavu.

Mwana Likoni
Nyongeza kwa wasiotaka kukata. Wakulima wa lozi kule California nao hulea matawi makuu mti ukiwa mchanga. Baada ya hapo, majaribio ya miaka mingi yameonyesha kuwa kukata kila mwaka hakuongezi mavuno. Ila wao hutikisa miti kwa mashine, sisi twachuma kwa mkono, kwa hiyo urefu watuhusu. Kwangu mimi: tengeneza umbo miaka miwili mitatu ya mwanzo, halafu baada ya kila mavuno punguza kimo na matawi makavu basi.

Baharia mstaafu
Hiyo pete sikuijua. Nina miwili michanga, nitaijaribu.

Mkulima wa Mwakirunge
Nimekata mitano leo. Utomvu umenirukia kiganjani, unawasha.

Fundi wa miche
Osha kwa maji mengi na sabuni, usijiguse macho. Kesho vaa mikono mirefu. Shina lililobaki wazi kwa jua lipake chokaa iliyozimuliwa kwa maji, lisiungue.

Mkulima wa Mwakirunge
Nimeshaipaka. Iliyobaki namaliza wiki hii, isipokuwa ule wa kando ya kisima. Huo nimemwachia mama.