Nimeunguzwa na birika lenye kasoro, na sasa muuzaji analitaka birika: nianzie wapi kupata msaada wa kisheria?

Mama Zuhura (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenishinda kuliamua peke yangu.

Wiki 9 zilizopita nilikuwa namimina maji ya moto kutoka kwenye birika la umeme, mkono wa birika ukang'oka nikiwa nimeliinua. Mkono ulibaki kiganjani mwangu, birika likaanguka, na maji yote yakanimwagikia kwenye paja la kulia na juu ya mguu. Daktari aliandika kuwa ni majeraha ya moto ya daraja la pili. Nililazwa siku 6, na sehemu ya juu ya mguu ikabidi ipandikizwe ngozi. Mimi ni fundi cherehani, na mguu ulioungua ndio ninaokanyagia pedali, hivyo tangu siku hiyo sijafanya kazi ya maana.

Birika halikuwa la zamani. Wifi yangu alininunulia kama zawadi miezi 4 kabla ya ajali, na risiti anayo yeye. Ukitazama pale mkono uliposhikizwa, skrubu 2 bado zimekaa kwenye chuma, ila plastiki iliyokuwa ikizizunguka imepasuka kwa duara, na kingo za ufa zina weupe kama wa ukucha uliopinda.

Nilipompigia muuzaji simu alikuwa mpole sana. Amesema nilirudishe birika ili likaguliwe, nami nitapewa jipya pamoja na kiasi kidogo cha fedha cha kunipa pole, baada ya kutia saini karatasi moja. Karatasi hiyo amenitumia, na mstari wake wa mwisho unasema nimepokea malipo hayo «bila kudai chochote zaidi, sasa au baadaye».

Je, nilirudishe? Je, nina haki ya kudai ilhali si mimi niliyenunua? Na wakili ninampata vipi wakati cherehani imefunikwa kitambaa na hakuna kinachoingia?

Wakili wa Zamu

Pole sana, Mama Zuhura. Nitaanza na yale yasiyoweza kusubiri: karatasi hiyo usiisaini, na birika usilitoe.

Karatasi uliyotumiwa ni hati ya kuachilia madai, hata kama juu yake imeandikwa jina la upole. Ukishaitia saini, kwa kawaida mlango unafungwa, na kuufungua tena kunakulazimu uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulishurutishwa, kazi ambayo ni ngumu kuliko shauri lenyewe. Kovu la kuungua lina tabia ya kujikaza kadiri linavyopona, hasa karibu na kiungo. Wapo wanaohitaji upasuaji mwingine baada ya mwaka mmoja au zaidi. Leo hujui gharama yote ya jeraha lako, na anayekuharakisha kusaini anakununua kabla hujajua bei yako.

Kuhusu birika, muuzaji au mtengenezaji ana haki ya kulikagua, lakini hana haki ya kuondoka nalo. Mjibu kwa maandishi, kwa maneno mafupi na ya adabu, kwamba birika limehifadhiwa, kwamba anaweza kulitazama mbele yako na mbele ya mtaalamu wako, na kwamba hakuna kitakachokatwa, kufunguliwa wala kupimwa kwa namna inayoliharibu mpaka pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi. Shauri la namna hii likipoteza kitu chenyewe hubaki maneno yako dhidi ya maneno yao.

Utakapokutana na wakili, atataka kujua kasoro yako ni ya aina gani, kwa sababu sheria za nchi nyingi huzigawa katika mafungu matatu. Ipo kasoro ya utengenezaji, ambapo mchoro ulikuwa mzuri lakini birika moja lilitoka kiwandani likiwa bovu. Ipo ya usanifu, ambapo kila birika la aina hiyo lina udhaifu uleule. Na ipo ya maonyo, ambapo hatari ilijulikana lakini mtumiaji hakuelezwa. Tofauti hii inaamua ni ushahidi gani utafutwe. Ikiwa plastiki ile ni nyembamba mno kwa uzito wa maji ambayo birika limeandikiwa kubeba, basi mabirika yote ya toleo hilo ni mashahidi wako, na mara nyingi mtaalamu ataomba linunuliwe jingine la aina ileile ili ayalinganishe.

Jiandae pia kwa utetezi watakaouleta, kwa maana ni uleule siku zote: kwamba ulijaza maji kupita alama ya kikomo, kwamba uliwahi kuliangusha, kwamba hukusoma kijitabu. Andika leo, kabla kumbukumbu haijachakaa, ulijaza maji kiasi gani, nani alikuwepo, na birika lilikuwa likitumiwa mara ngapi kwa siku. Andika kweli tupu, hata ile isiyokupendeza. Wakili anaweza kuishi na jambo baya alilolijua mapema.

Bisibisi

Mimi si mwanasheria, ni fundi wa vyombo vya umeme, kwa hiyo nitazungumzia kile ninachokijua kwa mikono.

Weupe ulioueleza, mama, una maana. Plastiki inapovutwa au kupindwa kupita uwezo wake hubadilika rangi kabla ya kukatika, na mpasuko wa duara kuzunguka skrubu mara nyingi huonyesha kwamba skrubu ilikazwa kupita kiasi kiwandani, au ukuta wa plastiki pale ni mwembamba, au joto na mvuke vimeidhoofisha. Mtaalamu akiuweka ufa huo chini ya hadubini anaweza kusema ulianza wapi na kama ulikua polepole au ulikatika mara moja. Kama ulikua polepole, ule utetezi wa kwamba uliliangusha siku hiyohiyo unapungua nguvu.

Ila hayo yote yanategemea ufa ubaki kama ulivyo, kwa hiyo usiziunganishe nyuso mbili za mpasuko ili kuona kama zinaoana, wala usifungue skrubu. Piga picha za mbali na za karibu sana, ukiweka rula kando, na upige lebo ya chini ya kitako ili namba ya modeli na ya toleo zisomeke. Kisha mkono na birika uvitie kwenye mifuko tofauti ndani ya boksi moja, pamoja na kitako, waya na kijitabu. Kama boksi la awali bado lipo, hilo nalo ni mali.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliteguka bega na kuvunjika kifundo cha mkono baada ya ngazi ya kukunja kujifunga nikiwa juu yake. Nilikuwa bado na bandeji mwenzangu kazini alipoichomelea ile bawaba, kwa nia njema kabisa, ili ngazi isikae bure. Wakili aliitazama mara moja tu, akaniuliza, «Kasoro iko wapi?» Sikuwa na la kumwonyesha isipokuwa weldi mpya inayong'aa.

Msomaji wa Usiku

Swali la zawadi lina historia ndefu na ni historia nzuri kwako, dada.

Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Uskochi, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi kilichokuwa ndani ya chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo. Baada ya kunywa, alidai, mabaki ya konokono aliyeoza yalitoka kwenye chupa ile, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa wala na mtengenezaji, maana aliyelipa ni rafiki, na kwa fikra za wakati huo hilo lilitosha kumnyima njia. Baraza la Malodi, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua mwaka 1932, majaji 3 kwa 2, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake, awe amekinunua au la. Mama huyo alikuwa hana uwezo, akaomba na kukubaliwa kuendesha rufaa yake kwa hadhi ya fukara. Na jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa: shauri lilimalizwa kwa maelewano kabla ushahidi haujasikilizwa.

Huko California mambo yalikwenda mbali zaidi. William Greenman alipewa na mkewe mashine ya useremala kama zawadi. Akiwa anaitumia, kipande cha mti kikachomoka na kumpiga kwenye paji la uso. Wataalamu walieleza kwamba skrubu zilizoshika sehemu za mashine hazikutosha, na mtikisiko wa kawaida ulizilegeza. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisema kwamba mtengenezaji anawajibika kwa kitu chenye kasoro kilichomjeruhi mtu, bila mlalamikaji kulazimika kuthibitisha uzembe. Zawadi, skrubu, jeraha: umemkaribia sana mzee Greenman.

Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ambayo baadaye ikawa Umoja wa Ulaya, ilichukua njia kama hiyo katika maagizo yake ya mwaka 1985. Zipo nchi ambazo bado zinadai uthibitishe uzembe, na hapo ndipo wakili wa mahali ulipo hana mbadala.

Mama Zuhura

Nawashukuru nyote, tena sana. Nimemwomba wifi apige picha risiti kabla wino haujafifia, na kweli ulikuwa umeanza kufifia. Yanabaki mambo mawili. La kwanza, nina muda gani? La pili ni lile la fedha: mapato yangu hayana hati ya mshahara, nina daftari tu la vipimo vya wateja na malipo ya awali. Je, hilo linahesabika?

Wakili wa Zamu

Daftari hilo ni dhahabu, lihifadhi pamoja na birika. Daftari lililoandikwa siku kwa siku, lenye majina, tarehe, malipo ya awali na tarehe za kuchukua nguo, huaminika kuliko jedwali safi lililotengenezwa baada ya ajali. Ongeza ujumbe wa wateja uliowarudishia kazi zao. Uyatenge pia matumizi ya matibabu, usafiri wa kwenda kliniki na malipo ya anayekusaidia nyumbani, kila kimoja na karatasi yake, na upige picha ya mguu kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu muda, kila sheria ina ukomo wake na haina huruma kwa aliyechelewa. Mfano, California inatoa miaka 2 kwa madai ya majeraha ya mwili. Maagizo ya Ulaya ya mwaka 1985 yanatoa miaka 3 tangu mdai alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu madhara, kasoro na mtengenezaji, na haki yenyewe inakufa miaka 10 baada ya bidhaa kuingizwa sokoni. Maagizo mapya ya mwaka 2024 yatatumika kwa bidhaa zitakazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026. Kwako la kufanya ni moja: umwulize wakili tarehe ya mwisho katika mkutano wa kwanza, naye aiandike. Mazungumzo na muuzaji, hata yawe matamu namna gani, kwa kawaida hayausimamishi muda.

Sasa fedha. Marekani, mawakili wengi wa majeraha hufanya kazi kwa sehemu ya fidia, mara nyingi karibu theluthi moja, na wasipopata fidia hawadai ada. Kwingine mpango huo umekatazwa au umewekewa mipaka, na badala yake unaweza kulipa kwa awamu au kuomba msaada wa kisheria wa umma, wa chama cha mawakili au wa vitivo vya sheria vya vyuo vikuu. Wakili yeyote utakayemwona, mwulize kama amewahi kuendesha shauri la bidhaa, kwa maana aliyezoea ajali za barabarani hana lazima ajue la kufanya na plastiki. Mwulize nani atamlipa mtaalamu wa uchunguzi, kwa kuwa gharama hiyo ndiyo humaliza mashauri mengi madogo kabla hayajafika mahakamani. Na umwulize kitakachotokea mkishindwa: zipo nchi ambazo anayeshindwa hubeba gharama za upande wa pili, na hilo lazima ulijue kabla ya kuanza, si baadaye.

Mwombe vilevile amtambue kila aliye kwenye mnyororo: mtengenezaji, muagizaji na muuzaji. Kiwanda kikiwa ng'ambo, mara nyingi muagizaji ndiye anayefikika. Na mtoe taarifa kwa mamlaka ya usalama wa bidhaa. Haitakulipa wewe, lakini kama wengine wamelalamikia toleo hilohilo, wakili wako atataka kujua. Ulaya ina mfumo wa tahadhari uitwao Safety Gate na Marekani ina SaferProducts.gov, na yote mawili yanaweza kusomwa na mtu yeyote.

Mama Zuhura

Nimemwandikia muuzaji kama ulivyoelekeza, na Alhamisi nina miadi na kituo cha msaada wa kisheria. Jana usiku shemeji yangu alikuja na chupa ya gundi akitaka kuurudisha mkono mahali pake; nimemsomea habari ya ngazi ya Bisibisi naye akairudisha gundi mfukoni. Swali la mwisho, na samahani kama ni la kijinga: ndani ya birika kuna ukoko mweupe wa chokaa na maji kidogo yaliyobaki. Nilisuguesugue liwe safi kabla ya kuwapelekea?

Bisibisi

Usiliguse, mama. Mwaga maji hayo taratibu ili chuma kisipate kutu, uache likauke lenyewe, na uandike tarehe uliyoyamwaga. Ukoko uache hapohapo. Mstari wake wa juu unaonyesha ulikuwa ukijaza maji mpaka wapi.

Mama Zuhura

Nimetazama sasa hivi. Mstari uko chini ya alama ya kikomo, karibu upana wa vidole viwili. Nimeupiga picha na rula kando.