Kichupa cha surua ni dozi 10, mtoto amekuja mmoja: nifungue?

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa zahanati, chumba cha chanjo niko peke yangu. Chanjo yetu ya surua ni ya unga. Ukishaichanganya na maji yake, ndani ya masaa 6 inayobaki unamwaga. Mkuu wa kituo kaniambia nisifungue mpaka wafike watoto watano, anaogopa ripoti ya upotevu. Juzi kaja mama na mtoto wa miezi 9, vumbi hadi magotini. Nikamwandikia kwenye kadi arudi Jumatano. Hakurudi. Roho inaniuma. Nifanyeje bila kugombana na mkuu?

Mchanjaji Mkongwe: Fungua, dada. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema achanjwe kila anayestahili, hata akija mmoja. Dozi za kumwagwa huwa zimeshawekwa kwenye maoteo, yaani makadirio ya dozi za kuagiza. Surua inataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa, kwa hiyo huyo mmoja ana uzito. Na kwa Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, ndiyo kabisa usisubiri: ni ya maji, ikitunzwa nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, na alama ya joto kwenye kichupa ikiwa bado nzuri, iliyofunguliwa inatumika hadi siku 28.

Mama Wawili: Mimi ni mzazi tu. Nilishawahi kurudishwa hivyo. Kuomba ruhusa kazini mara ya pili kulinishinda, mwanangu akachelewa miezi minne. Na katikati hapo nilimpeleka kutibiwa kifua mara mbili, hakuna aliyeniuliza kadi!

Daftari la Kliniki: Hapo kwa Mama Wawili ndipo penye tatizo kubwa. Azimio la Alma-Ata la 1978, tamko la kimataifa kuhusu afya, liliweka chanjo ndani ya huduma ya msingi ya afya, lakini vituoni chumba cha matibabu na cha chanjo havisemezani. Mafua au homa ndogo si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Kwa mkuu wako, usiende na maneno, nenda na daftari: majina ya mliowarudisha, na nani hajaonekana tena. Ulizeni pia bohari kama vipo vichupa vya dozi 5.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Nimeandika majina, ni 11. Mkuu kayasoma kimya, kasema kesho nifungue. Yule mama nimemwomba mhudumu wa afya wa jamii amfuate nyumbani leo jioni.