Acheni kutuambia Alan Rickman "alianza" akiwa na miaka 42!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Leo nimeletewa tena ile picha, mara ya tatu wiki hii, na safari hii ni kwenye kundi la familia. Alan Rickman, yule mwigizaji Mwingereza, amevaa joho jeusi la Profesa Snape wa filamu za Harry Potter, pembeni maandishi makubwa ya njano: "Alipata filamu yake ya kwanza akiwa na miaka 42. Hujachelewa!" Chini watu wamejaza amina. Shangazi yangu naye akaniandikia: "Mwanangu, usikate tamaa, na wewe utaanza tu."

Nitaanza nini, jamani? Mwaka huu ni wa kumi na moja nipo jukwaani!

Shangazi simlaumu, ananiombea mema. Ninaowalaumu ni watengenezaji wa hizi picha na kurasa zinazozisambaza bila kusoma hata aya moja. Hesabu yao ni sahihi: Rickman alizaliwa London Februari 1946, Die Hard, ndiyo hiyo filamu yake ya kwanza, ikatoka Julai 1988. Uongo upo kwenye lile wazo kwamba kabla ya hapo hakuwa chochote, kwamba alikuwa amekaa tu anasubiri bahati imgongee mlango.

Sasa tusomeshane. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, mama akabaki na watoto wanne. Kijana akasomea michoro, Chelsea kisha Royal College of Art, akafungua studio na wenzake, kazi zikawa zinaingia. Akiwa na miaka 26 akaiacha, akaomba nafasi chuo cha uigizaji cha RADA. Hebu fikirini kuacha biashara yako mwenyewe ukaanze upya kufundishwa kupumua, kutembea na kutamka. Na ili aishi, alikuwa mvishaji nyuma ya pazia. Kazi yenyewe ni kumwandalia mwigizaji mwingine nguo zake na kumsaidia kubadili haraka kabla hajarudi mbele ya watu. Aliwavisha Ralph Richardson na Nigel Hawthorne. Ukisimama pale usiku baada ya usiku unamwona bwana mkubwa kama Richardson kwa karibu kuliko mtazamaji yeyote aliyelipa kiingilio.

Alimaliza RADA 1974. Kuanzia hapo mpaka Die Hard ni miaka 14. Kumi na minne! Alizunguka kumbi za mikoani Uingereza, mahali ambapo tamthilia moja haijaisha mmeshaanza mazoezi ya nyingine. Akaingia kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare, hakupata raha, akaondoka, akaenda kuigiza kwenye kumbi ndogo kama Bush pale London, chumba kilichokuwa juu ya baa. Na hata kamera haikuwa ngeni kwake! Mwaka 1978 BBC walimpa Tybalt kwenye Romeo na Juliet. Mwaka 1982 akawa Obadiah Slope, yule kasisi mnafiki wa The Barchester Chronicles, na Waingereza walimjua kwa sura.

Halafu 1985 akarudi Royal Shakespeare, na hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Akapewa nafasi ya Valmont kwenye Les Liaisons Dangereuses, tamthilia ya Christopher Hampton iliyoongozwa na Howard Davies. Ilianzia The Other Place kule Stratford, jengo la mabati, watazamaji wako pua kwa pua na waigizaji. Yeye na Lindsay Duncan wakaibeba ile kazi mpaka London, na 1987 mpaka Broadway, New York, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway. Watu wa Die Hard walimwona kwenye jukwaa hilo. Mnaelewa nasema nini? Hakuokotwa! Walimfuata kwa sababu ya kile alichokuwa anakifanya kila usiku mbele ya watu.

Na Valmont ilipogeuzwa filamu mwaka huohuo wa 1988, hakupewa yeye. Alipewa John Malkovich, na nafasi ya Duncan ikaenda kwa Glenn Close. Malkovich simsemi vibaya, naye ni mtu wa jukwaa, ametoka kundi la maigizo la Steppenwolf la Chicago. Lakini Hampton akapata Oscar kwa kuandika mswada wa filamu ile, na Valmont wa Rickman amebaki kwenye vichwa vya waliokuwa wamekaa ukumbini. Nani atatengeneza picha ya njano ya jambo hilo?

Tazameni tena Die Hard, pale Hans Gruber, yule jambazi aliyeigizwa na Rickman, anapokutana uso kwa uso na polisi McClane, akajifanya mateka aliyetoroka. Mjerumani anageuka Mmarekani mbele ya macho yetu. Lafudhi inabadilika, mabega yanashuka, macho yanaingiwa woga. Huo ni uigizaji ndani ya uigizaji, na hakuufundishwa siku ile studio. Tulipokuwa wadogo kwenye kibanda cha video tulipiga kelele sehemu hiyo, hatukujua kwamba tunashangilia miaka 14 ya mazoezi.

Na baada ya umaarufu hakulitupa jukwaa. Katikati ya miaka ya Harry Potter alikuwa na tamthilia ya Private Lives, London kisha Broadway 2002, akateuliwa Tony mara ya pili. Akaongoza tamthilia ya My Name Is Rachel Corrie kwenye ukumbi wa Royal Court, London, 2005. Mwaka 2010 alikuwa Dublin na tamthilia ya John Gabriel Borkman. Amefariki Januari 2016 bila kuteuliwa Oscar hata mara moja, na hilo nalo linaniuma, ila leo siligusi.

Kwa nini nimewaka hivi? Mwaka jana nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia ya televisheni, kampuni siitaji. Fomu ina sehemu ya uzoefu. Nikaandika miaka kumi, nikataja michezo, nikataja kumbi. Dada anayepokea fomu akauliza, "Na kwenye kamera je?" Nikasema bado. Akachukua kalamu yake, akakata maandishi yangu yote, akaandika 0. Nikiwa nimesimama mbele yake! Sikuitwa.

Ile sifuri ndiyo hii picha mnayosambaza.

NYONGEZA: Mdau hapo chini anasema nimekuza jambo, kwamba lengo la picha ni kutia moyo tu. Mkuu, mimi hainitii moyo. Kinachonitia moyo ni yule mtu wa miaka 26 aliyeshika shati la Richardson gizani akisikiliza makofi yasiyo yake, kisha kesho akarudi. Andikeni hilo. Na aliyeiweka ile picha kwenye jukwaa la burudani humu jana usiku, naomba aihariri leo: "Aliigiza jukwaani miaka 14, ndipo filamu ikamfuata." Maneno saba, yanaenea palepale.