Kyela: tajiri anavunisha mpunga kwa vibarua wa Malawi, siku ya malipo anawaita "haramu"

Wakuu, leo sipunguzi ukali.

Vijana wanavuka Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, wanavuna mpunga, wanaupiga, wanajaza magunia. Hela wanaambiwa ni mwisho wa kazi. Mwisho ukikaribia, tajiri mwenyewe anapiga simu kwamba shambani kwake kuna wahamiaji haramu. Karandinga, lile gari la kubebea mahabusu, linakuja, vijana wanabebwa, yeye anabaki na mpunga na hela. Jirani yangu kafanya hivyo juzi, na Jumapili kakaa benchi la mbele kanisani!

Ninyi wa "si waje kihalali", haya, waje kwa njia ipi? Someni madaraja ya vibali vya kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015. A mwekezaji. B na C watu wa taaluma. D dini na hisani. E mkimbizi. Mtu wa mundu mnamweka wapi? Mwajiri anatakiwa aoneshe kwanza kwamba Mtanzania wa kazi hiyo kakosekana. Nani ataapa kwamba Kyela nzima haina mvunaji? Tena vibali ni viwili, cha kazi na cha ukaazi, na ada zake pamoja zinavuka dola 1,000.

Kuvuka kwenyewe hakuna shida. Mmalawi hahitaji viza. Pale mpakani Kasumulu anagongewa muhuri wa matembezi, mwisho siku 90. Akishika mundu tu, kageuka haramu. Mwenye daraja B anashukia uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, anapewa nyumba na dereva, na hakuna anayemwita mhamiaji. Huyo ni "mtaalamu".

Vibarua wenzangu mnaosema Wamalawi wameshusha bei, bei kaishusha tajiri. Asiyeweza kwenda kushtaki atapokea chochote, na wewe Mtanzania mwenye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ukidai nyongeza unaoneshwa njia.

(Babu zetu wa Rungwe waliochukuliwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi ya Johannesburg, walikaa kambi za wanaume watupu, mke haruhusiwi, mkataba ukiisha rudi kwenu. Wajukuu ndio tumekuwa makaburu.)

Sheria hiyo hiyo inasema kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa. Sijaona tajiri akipanda karandinga.

Wanasheria humu: kijana aliyesharudishwa kwao Karonga, Malawi, anaweza kudai ujira wake akiwa huko huko? Makubaliano yalikuwa ya mdomo, ila mashahidi tupo na magunia tuliyahesabu wote.